Sekunde Sita za Faith Kipyegon

Mwalimu wa Kiswahili ana adhabu moja ambayo mwenzake wa hisabati haijui. Yule wa hisabati huenda moja kwa moja hadi jibu la mwisho, akaweka tiki au akaweka mkasi, kisha akafungua daftari jingine. Sisi twasoma. Twasoma insha mia moja na zaidi juu ya mada moja, usiku, chini ya taa ambayo mara inawaka mara inazimika, hadi herufi zinaanza kucheza ngoma machoni. Nilikuwa katika hali hiyo mwezi wa Julai mwaka 2025 nilipoifikia insha ya msichana mmoja wa kidato cha tatu ambayo ilinifanya niiweke kalamu chini.

Mada ilikuwa ya kawaida mno: siku ambayo sitaisahau maishani. Wenzake walikuwa wameandika habari za ajali, mafuriko, harusi za shangazi zao na wezi waliofumaniwa usiku wa manane huku mbwa wakibweka na mvua ikinyesha. (Sijui ni kwa nini katika insha za wanafunzi wetu wezi huja siku za mvua pekee.) Yeye aliandika kuhusu usiku wa Alhamisi, Juni 26, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Usiku ule Faith Kipyegon aliposhindwa, mama yangu alipiga makofi."

Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "aliposhindwa". Hapakuwa na kosa la sarufi hapo. Nafsi ilikuwa mahali pake, wakati mahali pake na kirejeshi mahali pake. Mkono ulitangulia tu, kama ufanyavyo mkono wa mtu aliyesahihisha kwa miaka mingi, kisha akili ikaja nyuma ikiuliza mkono umefanya nini. Nikakaa nikiutazama mstari wangu huo, na badala ya kuendelea na karatasi iliyofuata nikajikuta nikilikumbuka lile juma lote.

Huenda wewe, mpenzi msomaji, umekwisha kulisahau. Habari za siku hizi hupita kama maji ya mfereji. Basi nikukumbushe. Jumatano, Juni 25, vijana waliingia barabarani kuadhimisha mwaka mmoja tangu siku ile ya 2024 ambapo waandamanaji waliingia Bunge wakiupinga Mswada wa Fedha. Mchana huo Mamlaka ya Mawasiliano iliviagiza vituo vya redio na runinga vikome kuyatangaza maandamano moja kwa moja, na baadhi ya vituo vikazimwa. Mahakama Kuu ililisimamisha agizo hilo siku iyo hiyo. Kufikia jioni watu zaidi ya kumi walikuwa wamepoteza maisha. Na tayari mwezi huo walimu tulikuwa na msiba wetu, kwa kuwa mwenzetu mmoja, kijana aliyekuwa na chaki mkononi na maoni mtandaoni, alikuwa amefia mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Alizikwa kwao mwanzoni mwa Julai.

Siandiki haya ili niingilie siasa. Kazi hiyo ina wenyewe, nao wanaijua. Nayaandika kwa sababu runinga ileile iliyokuwa giza tupu siku ya Jumatano ndiyo niliyoikalia mbele usiku wa Alhamisi, nikitazama uwanja wa Charléty mjini Paris, taa zikimulika kama mchana, na mwanamke mmoja wa Kenya akinyosha viungo vyake tayari kukimbia maili moja. Mwalimu mwenzangu, jirani yangu katika nyumba za walimu, alipita dirishani akanichungulia. Akaniuliza, "Mwalimu, una moyo gani wa kutazama michezo leo?" Sikuwa na jibu. Nilimkaribisha ndani. Akaingia akisitasita, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kuonekana ameketi, na hakuondoka hadi mbio zilipokwisha.

Kwa wale wasiojua, mambo yalikuwa hivi. Kampuni ya Nike ilikuwa imeandaa jaribio la Faith Kipyegon kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja kwa muda usiofika dakika 4. Rekodi ya dunia ilikuwa yake mwenyewe: dakika 4 na sekunde 7.64, aliyoiweka Monaco mnamo Julai 2023. Kwa hiyo alitakiwa apunguze zaidi ya sekunde 7 kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo katika mbio za kiasi hicho ni sawa na kumwambia mtu mzima arefuke kwa inchi tatu. Alipewa waweka kasi 13, wanaume 11 na wanawake 2, waliojipanga mbele na nyuma yake ili wamkinge na upepo. Alivishwa vazi la kubana lenye vinundu vidogo vya kuuhadaa upepo huohuo, na viatu vya misumari vilivyoundwa kwa ajili ya miguu yake peke yake. Mwezi wa Februari mwaka huo wanasayansi walikuwa wamechapisha hesabu zao wakionyesha kuwa, akikingwa vilivyo, angeweza kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 59.37.

Jirani yangu hufundisha fizikia. Alizijua hesabu hizo na akaanza kunieleza habari za ukinzani wa hewa, nami nikamwomba anyamaze kwanza.

Alikimbia vizuri mizunguko miwili. Katika wa tatu mimi, nisiyejua riadha zaidi ya kupiga kelele, niliona mabega yake yamebadilika. Saa ilipofika dakika 4 kamili alikuwa bado ana kiasi cha mita 40 mbele yake. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei akaanguka chini, na kwa muda mfupi uwanja mzima ukawa haujui kama ushangilie au unyamaze.

Muda huo hakuna mwanamke aliyewahi kuufikia katika historia ya maili. Hata hivyo haukuandikwa rekodi, kwa sababu ya namna alivyosaidiwa. Asubuhi iliyofuata nikafungua redio, na neno nililolisikia, likirudiwa na watangazaji wenye sauti nzito za kupendeza, lilikuwa moja tu. Ameshindwa. Kipyegon ashindwa. Jaribio la Kipyegon lashindwa.

Neno hilo lilinikera siku nzima. Nilipolitaja katika chumba cha walimu nikaambiwa na mwalimu mkuu msaidizi, mtu mtaratibu ambaye huwa hasemi neno bila kulipima, kwamba sina haki ya kukereka. "Alisema atakimbia chini ya dakika 4," akasema, "akakimbia juu ya dakika 4. Unataka tumwite nani? Mshindi?" Akaongeza kwamba tatizo la walimu wa lugha ni kupaka asali kila kitu, na kwamba mtoto akipata 30 katika mia hawi amefaulu hata umwimbie taarabu.

Nakiri alinipata. Mimi mwenyewe siupendi ule mtindo wa kisasa wa kusema kila mtu ni mshindi kwa njia yake. Mbio zina mwisho, na saa haina huruma. Wako waliomfariji kwa kumkumbusha Eliud Kipchoge, aliyeikosa marathoni ya saa 2 kwa sekunde 25 huko Monza mwezi Mei 2017, kisha akarudi Vienna Oktoba 2019 akaikimbia kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Faraja hiyo nayo siipendi. Yamfanya mtu aonekane anangoja tu zamu yake, ilhali ukweli ni kwamba Faith alikuwa na umri wa miaka 31 usiku ule, na huenda asiione kamwe dakika hiyo ya nne ikiwa haijakamilika. Huenda asiione mwanamke yeyote aliye hai leo. Ikiwa tunahitaji uhakika wa Vienna ndipo tuiheshimu Monza, basi hatuiheshimu Monza.

Tatizo langu ni la lugha, na ninaomba wanafunzi wanisikilize hapa hata kama hawapendi riadha. Kitenzi "kushinda" katika Kiswahili kina mambo. Watu hushindana, mmoja akashinda, mwingine akashindwa. Lakini pia twaulizana jioni "umeshindaje?", yaani mchana wako umeupitishaje, na mtu hushinda njaa, hushinda shambani, hushinda mlangoni pa ofisi ya watu akingoja kutiwa sahihi. Kwa asili yake "kushindwa" ni kauli ya kutendwa. Na kauli ya kutendwa, kama tunavyowafunza watoto tangu shule ya msingi, yadai mtenda: ameshindwa na fulani. Timu imeshindwa na timu. Mgonjwa ameshindwa na maradhi. Kweli, twasema pia "nimeshindwa kuamka", na hapo mtenda amefichika, lakini yupo, ni usingizi. Sasa usiku ule mjini Paris, Faith alishindwa na nani? Waweka kasi walikuwa watumishi wake. Hapakuwa na namba mbili. Uwanja ulikuwa wake peke yake, na bado tukapata ujasiri wa kumtia katika kauli ya kutendwa.

Wakati nikiyawaza hayo nikamkumbuka mwanamke mwingine, na ni ajabu kwamba juma lile, katika kelele zote zile, sikumsikia akitajwa na mtangazaji wetu hata mmoja. Kila mtu alimtaja Roger Bannister, daktari yule Mwingereza aliyekimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4 huko Oxford tarehe 6 Mei 1954. Vitabu vya kiada vinamjua. Siku 23 baadaye, Mei 29, huko Birmingham, mwanakemia mmoja kijana aitwaye Diane Leather alikimbia maili kwa dakika 4 na sekunde 59.6, akawa mwanamke wa kwanza kuivunja dakika ya tano. Yeye je, alishangiliwa? Shirikisho la riadha la dunia halikuwa likizitambua rekodi za maili za wanawake. Lilianza kuzitambua mwaka 1967, na kufikia hapo Leather alikuwa amekwisha kutundika viatu. Katika Olimpiki ya siku zake mwanamke hakuruhusiwa kukimbia zaidi ya mita 200. Mbio za mita 800 za wanawake zilikuwa zimekimbiwa mara moja, Amsterdam mwaka 1928, zikaondolewa kwa kisingizio kuwa zilikuwa zinawachosha kupita kiasi, na hazikurudi hadi Roma mwaka 1960. Mita 1,500, ambazo ndizo shamba la Faith, zilingoja hadi Munich mwaka 1972.

Huyo ndiye aliyeshindwa, na tunajua alishindwa na nani. Alishindwa na wanaume waliokuwa wamekaa mezani na kalamu.

Kwetu nako hatukuwa na haraka. Kenya ilianza kushiriki Olimpiki mwaka 1956 mjini Melbourne. Medali ya kwanza ya mwanamke Mkenya, fedha ya Pauline Konga katika mita 5,000, ilipatikana Atlanta mwaka 1996. Hesabu mwenyewe: miaka 40. Dhahabu ya kwanza ililetwa na Pamela Jelimo mwaka 2008, akiwa msichana wa miaka 18. Kisha tazama kilichofuata. Faith Kipyegon, ambaye mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 16 alikimbia mbio za nyika za dunia za chipukizi huko Bydgoszcz, Polandi, akiwa miguu mitupu akamaliza wa nne, amebeba dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo: Rio, Tokyo na Paris. Kati ya ile ya kwanza na ya pili alijifungua mtoto. Wakati wa likizo hiyo ya uzazi wako waliokuwa wamekwisha kumfuta katika orodha zao. Ninaposikia watu wakilizungumza lile vazi la vinundu kana kwamba ndilo lililokimbia, mimi huikumbuka ile miguu mitupu ya Bydgoszcz. Sina ugomvi na kampuni inayouza viatu. Kazi ya muuza viatu ni kuuza viatu, na usiku ule aliuza. Lakini kama tungeulizwa ni kipi kati ya hivyo viwili cha kutundikwa ukutani darasani, ningejua la kujibu.

Juma lile lilikuwa na mambo mengine, nami nisiwe kama mgeni anayezungumza habari moja tangu uji hadi chakula cha jioni. Wanafunzi wangu hawakuwa wakimzungumzia Faith peke yake. Ijumaa, Juni 27, ilitoka sehemu ya tatu na ya mwisho ya tamthilia ya Korea iitwayo Squid Game, na kufikia Jumatatu nusu ya kidato cha nne walikuwa wamekwisha kuitazama, ingawa simu zimepigwa marufuku shuleni na hakuna mmoja aliyekubali kuwa na simu. Nilijaribu kuitazama. Ni hadithi ya watu wenye madeni wanaochezeshwa michezo ya watoto, na anayeshindwa hupigwa risasi, huku matajiri waliovaa barakoa wakitazama na kuweka dau. Nilipofika mahali fulani nikaizima. Wakati mwingine ningeikamilisha, maana si kazi mbovu. Ila katika juma lile, baada ya Jumatano ile, sikuweza kuona kijana akipigwa risasi kwa ajili ya burudani yangu. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba yeye aliitazama kwa sababu hiyohiyo, yaani huko angalau mtu alikuwa ameeleza ni nani anayefyatua na ni kwa nini. Nimelichukua jibu hilo nikaenda nalo nyumbani, na bado ninalo.

Habari za mwanamuziki Sean Combs, ambaye Julai 2 wazee wa baraza la mahakama mjini New York walimpata na hatia katika mashtaka mawili na kumwondolea yale mazito zaidi, zilijadiliwa mabwenini kwa kina ambacho sijawahi kukiona wakijadili riwaya teule. Sina la kuongeza. Yanitosha kusema kuwa wavulana waliomtetea walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na kwamba wasichana waliwajibu vizuri.

Jambo la Julai 3 lilikuwa zito. Asubuhi hiyo ikaja habari kutoka Zamora, Uhispania, kwamba mshambuliaji wa Liverpool, Diogo Jota, amefariki katika ajali ya gari pamoja na nduguye, André Silva. Jota alikuwa na umri wa miaka 28, na alikuwa amefunga ndoa siku kumi na moja tu zilizotangulia, na mama wa watoto wake watatu. Mvulana mmoja wa kidato cha pili alilia darasani. Alilia kweli, kamasi na yote. Mimi, nikiwa nimechoka na misiba ya nyumbani, nilimwambia kwa ukali kwamba hapa kwetu kuna vijana waliozikwa juma hilo na sikumwona akidondosha hata chozi moja kwa ajili yao. Nilifikiri nimefundisha jambo. Darasa likanyamaza. Mvulana akafuta uso kwa mkono wa sweta, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu nilimjua."

Nilitoka nje kidogo nikajifanya natafuta chaki. Nilikuwa nimeikumbuka Februari 11, 2024, siku aliyofariki Kelvin Kiptum katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake Mnyarwanda, Gervais Hakizimana. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24, na siku tano tu zilikuwa zimepita tangu rekodi yake ya marathoni ya Chicago, saa 2 na sekunde 35, iidhinishwe rasmi. Siku ile mimi sikuweza kula. Sikuwahi kukutana na Kiptum. Nilimjua kwa namna ileile mvulana yule alivyomjua Jota, kwa kumtazama na kumngojea. Na kama mtu fulani angekuja akaniuliza mbona siwalilii wengine waliokufa barabarani usiku ule, ningemwona mtu mwenye roho mbaya. Kabla ya kengele nilimwita mvulana kando nikamwomba radhi. Alikubali upesi, kama watoto wafanyavyo, akanieleza bao moja la Jota ambalo sikulielewa.

Huenda hilo ndilo jibu ambalo sikuwa nalo kwa jirani yangu dirishani. Simaanishi kwamba michezo hutusahaulisha. Mimi haikunisahaulisha kitu. Moyo wenye nafasi ya kumlilia mtu usiyepata kumwona ndio huohuo wenye nafasi ya kumshangilia, na sijaona ushahidi kwamba ukiufunga mlango mmoja ule mwingine hupanuka.

Basi tukafika Jumamosi, Julai 5. Mashindano yalikuwa Eugene, Marekani, na kwetu ilikuwa usiku mkubwa. Safari hii jirani hakupita dirishani. Alibisha mlango, ana chupa ya chai. Beatrice Chebet alitangulia. Mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, mwanamke wa kwanza duniani kuikimbia mizunguko hiyo kumi na miwili na nusu bila kufika dakika 14. Rekodi ya awali ilikuwa ya Mwethiopia Gudaf Tsegay, dakika 14 na sekunde 0.21. Hata nyuma yake kulikuwa na Mkenya mwingine, Agnes Ngetich. Kisha, usiku wa kuamkia Jumapili, siku tisa tu baada ya Paris, akaja Faith. Hapakuwa na vazi la vinundu wala ukuta wa wanaume. Mita 1,500, dakika 3 na sekunde 48.68. Rekodi mpya ya dunia, akiipunguza yake mwenyewe ya 3:49.04 ya mwaka uliotangulia.

Jirani aliruka akamwaga chai kwenye rundo la insha. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi wangu walirudishiwa karatasi zenye rangi ya kahawia, nami sikuwaeleza sababu. Waielewe hapa.

Asubuhi redio zikasema ameshinda. Watangazaji walewale, sauti zilezile nzito. Nami nikafurahi, sikatai, lakini furaha yangu ilikuwa na kijiwe ndani yake. Yule aliyeshinda Eugene alikuwa na miguu ileile, pafu lilelile na mazoezi yaleyale ya Kaptagat aliyokuwa nayo Paris. Kilichobadilika ni mahali tulipouchora mstari. Wenye kuchora mstari huwa hawakimbii.

Na hapa, ndugu walimu, ndipo niliposhindwa kujitetea. Nani huchora mistari kuliko sisi? Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024 yalipotangazwa Januari 2025, watahiniwa 962,512 walikuwa wameufanya, na waliopata alama ya C+ na zaidi, yaani alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliosalia ni zaidi ya laki saba. Nimewasikia wazazi, na nimewasikia walimu, na nimejisikia mimi mwenyewe, tukiwaita hao wote kwa neno lilelile la redio. Wameanguka. Miongoni mwao mko na mtoto aliyeingia kidato cha kwanza hajui kuandika sentensi mbili zinazofuatana, akatoka na C ya Kiswahili, akitembea kila siku kilomita ambazo mimi sizitembei kwa mwezi. Huyo ameanguka kutoka wapi? Mwalimu mkuu msaidizi atasema napaka asali tena. Sivyo. C yake ni C, na chuo kikuu hakimchukui. Nauliza tu kama twalijua neno tunalolitumia, sisi ambao mshahara wetu ni wa maneno.

Nirudi kwenye ile insha, maana nilikuwa nimeiacha kwenye sentensi ya kwanza. Niliisoma hadi mwisho usiku uleule. Ilikuwa na makosa: "siku hio" badala ya "siku hiyo", viunganishi vikikosekana, na aya moja iliyoendelea kurasa mbili bila kupumua. Lakini alikuwa amesimulia jambo. Mamake huuza mboga sokoni. Usiku ule walitazama mbio katika simu ya jirani, vichwa saba juu ya kioo kidogo, picha ikikwama kila mara. Mbio zilipokwisha, jirani mwenye simu akasema, ameshindwa. Mama akauliza, ameshindwa na nani? Jirani akasema hakushindwa na mtu, ameshindwa na saa. Mama akafikiri kidogo, akasema kwamba basi huyo hakushindwa, amechelewa, na yeye mwenyewe huchelewa sokoni kila siku kwa ajili ya watoto na haijatokea siku hata moja akarudi na mboga zote. Ndipo akapiga makofi.

Nilikuwa nimetumia siku kumi, chumba kizima cha walimu na kauli ya kutendwa kufika mahali ambapo mama muuza mboga alifika kabla picha haijakwama tena.

Wino mwekundu haufutiki. Nilitazama ule mstari chini ya "aliposhindwa", nikawaza niuache au niukate kwa mstari mwingine, nikaona utazidi kuchafua. Mwishowe niliandika pembeni maneno mawili tu, "na nani?", nikampa 16 katika 20, alama ambayo huwa sitoi ovyo. Siku ya kurudisha karatasi alinifuata hadi mlango wa chumba cha walimu, ameishika karatasi yake yenye doa la chai, akaniuliza kama pale nilikuwa nimemkosoa.

Nikamwambia akamwonyeshe mamake.